Afande Aliyetufungia Milango

Mtu ninayetaka kumsimulia alinifungia ndani mara kumi, na mara zote hizo nilimwomba mwenyewe.

Tulimwita Afande. Alikuwa mlinzi wa hosteli yetu pale Namakwekwe, Mbale: vyumba kumi na vinne vilivyotazamana, ua wa saruji katikati, geti la bati, na kibanda chake kando ya geti. Kabla ya hapo alikuwa askari wa jela kwa miaka thelathini. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye goti bovu, na zaidi ya hapo hatukujua kitu kwa sababu hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mimi nilitoka Budondo, upande wa Jinja, nikaja kusoma kozi ya miaka mitatu. Nilikaa mitano. Ile miwili ya ziada ndiyo iliyonifanya nimjue, na ndiyo iliyomfanya yeye anijue mimi, jambo ambalo kwa muda mrefu lilinitisha kuliko mitihani yote.

Desturi ya kufungiwa sijui aliianzisha nani, maana nilipofika niliikuta. Ilikuwa ya wale walioshindwa kukaa na kazi zao, wale ambao wakifungua kitabu wanakumbuka kwamba hawajafua, na wakianza kufua wanakumbuka kwamba hawajampigia shangazi simu. Mtu wa aina hiyo alikwenda kibandani asubuhi akasema, "Afande, naomba kwenda ndani." Afande alimuuliza mara tatu kama anataka kweli. Ukijibu ndiyo mara tatu, ulimkabidhi simu yako akaitia katika kopo tupu la maziwa ya unga, ukapewa jagi la maji, maandazi mawili na ndoo yenye kifuniko, kisha akakufungia kwa nje na kufuli lake mwenyewe. Saa kumi jioni alipita mlango hadi mlango akihesabu. Hakuita majina. Aliita nambari ya chumba, nawe ukajibu idadi ya kurasa ulizoandika, naye akaiandika kwa chaki juu ya mlango wako, akiijumlisha na ya zamani, mahali ambapo kila apitaye anaona.

Hakukagua. Hilo ndilo lililonimaliza. Ungeweza kulala mchana kutwa ukajibu kurasa kumi, naye angesema sawa na kuandika kumi. Mlango wangu, namba tisa, ulisema arobaini na moja. Kurasa za kweli zilikuwa saba, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kuwashukuru wazazi.

Wenzangu walimwogopa kwa sauti yake. Mimi nilimwogopa kwa lugha yake. Kwetu Budondo, Kiswahili hakikuwa lugha ya kusalimiana. Bibi yangu alikifahamu katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi, kilipokuja kugonga mlango na kuuliza nani yumo ndani, na mpaka anaingia kaburini, akikisikia barabarani alifunika chungu na kuita watoto waingie. Hofu hiyo niliirithi bila kuambiwa sababu yake. Leo naandika kwa lugha hiyo hiyo. Nimeipata kwa Afande, na majirani zangu wa Nalufenya ninakoishi sasa, Waislamu wanaoizungumza tangu utotoni, wamenisaidia kuinyoosha.

Siku niliyofika alinibebea sanduku mwenyewe. Tulipofika katikati ya ua akauliza natoka wapi, nami nikamwambia. Akaliweka sanduku chini pale pale kwenye saruji, akauliza Budondo ya wapi hasa, na nilipomtajia senta yetu, yale maduka machache ya kijijini, akageuka akaingia kibandani. Wiki mbili hakunisalimu. Nikajiambia huyu mzee anatuchukia Wasoga, watu wa upande wa Jinja, basi, yataisha. Kisha akaanza maswali madogo madogo, nikipita na ndoo ya maji au nikirudi darasani. Barabara ya kule bado ni ya vumbi? Watu bado wanalima miwa? Na siku moja, bila kuniangalia usoni, akauliza kina mama wa kule huishi mpaka miaka mingapi. Nikamjibu kwa kujidai kwamba bibi yangu alifika tisini. Akasema, "Mingi," na sura yake haikufurahi hata kidogo.

Sasa niseme kitu kuhusu utafiti wangu, na anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea. Niliandika kuhusu sababu zinazowafanya wanafunzi wa chuo kikuu kuahirisha kazi zao. Yaani, nilikuwa nauandika. Niligawa hojaji hosteli nzima, na majibu yalikuja ya kila namna: umeme, mtandao, mapenzi, njaa, msimamizi hapatikani, mvua ikishuka kutoka mlima Wanale mtu hawezi kufikiri. Mmoja alinirudishia karatasi tupu akasema ataijaza kesho. Nikawa na rundo zuri la sababu za watu. Nikaandika sura ya kwanza, nikampelekea msimamizi wangu, naye akairudisha baada ya mwezi ikiwa na maneno mawili juu: Anza upya.

Sikuanza. Nilikuwa nimeitoa ile sura tumboni mwangu, na maneno yale mawili niliyasoma kama yameandikwa juu ya paji la uso wangu. Tangu siku hiyo nikawa mtu mchapakazi kuliko wote Namakwekwe. Nilifua mapazia ya jirani. Nilipanga viatu. Nilipika malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, kazi ya nusu siku, nikawalisha watu nisiowapenda. Nilipomwona msimamizi wangu akivuka barabara karibu na mnara wa saa, niliingia duka la vipuri vya pikipiki nikauliza bei ya kitu ambacho sikukijua jina, nikakishika mkononi mpaka alipopita. Mwenye duka aliniuliza pikipiki yangu ni ya aina gani.

Afande aliona yote hayo kutoka kwenye kiti chake. Jioni moja nilikuwa nasugua sakafu ya veranda ambayo si yangu, akanisimamisha kwa fimbo yake.

"Wewe hapana mvivu," alisema. "Mvivu nalala. Wewe nafua nguo ya watu, nafagia, napika. Wewe naogopa."

Nikamwambia sina ninachoogopa. Akasema jela alikuwa akiona jambo hili kila mara: mfungwa siku yake ya kutoka imefika, mlango uko wazi, ndugu zake wako getini, na yeye anakunja blanketi. Anakunja, anakunjua, anakunja tena. "Mlango wazi, yeye nakunja blanketi," alirudia, akaenda zake. Nilibaki nimepiga magoti na kitambaa mkononi. Niliona aibu, halafu nikamaliza kusugua.

Nilimpa na yeye hojaji, kwa utani tu, ili nimlipe. Alivaa miwani, akaisoma yote pale pale, akaikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa shati. Nilipomuuliza baada ya wiki akasema bado. Baada ya mwezi, bado. Alibadilisha mashati, lakini niliiona karatasi ikihama naye, mfuko hadi mfuko, kwa karibu miaka miwili.

Maana na yeye alikuwa na yake, na hayakutushangaza kama yalivyopaswa kutushangaza. Kwanza, alikuwa mtu wa kufuli ambaye hakufunga mlango wake mwenyewe. Kibanda chake kilikaa wazi mchana na wakati wa kulala, hata mvua ikimnyeshea miguu. Pili, alipiga marufuku neno kesho ndani ya geti. Ukilitamka alikutuma kuchota maji. Lakini pensheni yake ilikwama miaka, kwa sababu alitakiwa kwenda Jinja kutia sahihi na kila ulipofika mwezi wa kwenda, goti lilimuuma. Dada yake aliishi Kampala. Watu wote wa Mbale wakienda Kampala wanapita Jinja, hakuna anayefikiria njia nyingine. Afande alizunguka kwa Soroti na Lira, akasafiri siku mbili, akasema alitaka kuona nyumbani njiani. Tulicheka sana. Tulisema mzee ana mke wa siri Jinja anayemdai mtoto.

Tatu, hakula viazi vitamu. Posho, yaani ugali wa mahindi, alikula, ile ngumu ya kukatwa kwa kisu, na maharage, na ugali wa mtama. Lakini nilipotoka nyumbani na viazi, kwa sababu Msoga hasafiri bila viazi, nikavipika kwa mchuzi wa karanga na kumpelekea sahani, aliitazama kama nimemletea nyoka. Akaomba radhi kwa heshima kubwa na kuniambia niwape wengine. Nilidhani ni mambo ya dini.

Lakini kitu kilichonitia hofu ya kweli kilitokea mara ya tatu nilipofungiwa. Ilikuwa kama saa saba mchana. Nilikuwa nimekaa mbele ya karatasi tangu asubuhi, nikaona afadhali nimwombe simu yangu dakika tano. Nikagonga mlango mara moja, kwa kidole.

Nikasikia kiti kikianguka. Nikasikia mbio, na goti lile halikuwa la mbio. Ufunguo ulitafuta tundu na kulikosa, ukakwaruza chuma, ukakosa tena, naye nje akisema kwa sauti ambayo sikuijua, "Nani naumwa? Nani naumwa ndani?" Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama jicho moja, kisha la pili, namna mtu anavyotazama kama mwenzake yu hai. Mikono yake ilikuwa baridi. Nikasema Afande, hakuna anayeumwa, nataka simu tu.

Aliniachia. Alikaa chini kwenye kizingiti, shati limelowa mgongoni, na hakunigombeza. Alisema, "Hapana gonga mchezo," akakaa hapo hapo mpaka saa kumi. Ndipo nikagundua kitu ambacho sote tulikiona bila kukiona: akiwa na mtu ndani, Afande haondoki uani. Haendi dukani, haendi msalani, haongezi sauti ya redio. Anakaa na ufunguo mkononi na sikio milangoni. Tulidhani anatulinda tusitoroke.

Kwa upande wangu, nilikuwa nimejichimbia shimo jingine. Baba yangu ni mtu wa miwa na wa kanisa, mtaratibu, hajui kupaza sauti. Siku moja alinipigia simu kuniuliza utafiti umefikia wapi, nami, ili tu simu iishe, nikasema tayari. Neno lenyewe lilikuwa hilo moja. Kufika Jumapili kanisa zima lilijua. Kisha ikaja habari ya sherehe. Kwetu mtoto akihitimu si jambo la nyumba moja: linatafutwa hema, kwaya inaalikwa, mjomba anapewa hotuba, mbuzi anachaguliwa mapema na kuanza kunenepeshwa. Mama alinitumia picha za kitambaa. Baba alianza kupaka chokaa mawe ya njia inayoingia nyumbani, jiwe moja moja, akanieleza kwa simu amefikia la ngapi. Kila aliponipigia nilijiambia leo namwambia. Kila nilipokata simu nilikuwa nimekubali jambo jingine la sherehe.

Kisha orodha ya wahitimu ikabandikwa chuoni. Jina langu halikuwemo, na lingekuwemo vipi? Bado nilisimama mbele ya ubao ule nikilitafuta, nikianza juu, nikifika chini, nikianza tena, huku wenzangu wakipigana picha. Sherehe ilikuwa imebaki siku tisa. Nilirudi Namakwekwe, nikaenda moja kwa moja kibandani nikamwambia Afande naomba kwenda ndani. Sikutaka kuandika. Nilitaka mlango ufungwe na mtu mwingine awe na ufunguo.

Hakuniuliza mara tatu. Aliuliza, "Baba yako najua?"

Nikasema hapana.

"Kurasa ngapi? Ya kweli."

"Saba," nikasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwambia nambari ya kweli. Alisimama, akaenda mpaka mlango wangu, akafuta arobaini na moja kwa mkono wa shati, akaandika saba. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa ile hojaji. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo mpaka inaonyesha upande wa pili. Palipoulizwa kitu gani hukufanya uahirishe jambo, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, za mtu anayeandika kwa shida: MAMA IKO BUDONDO.

Alinisimulia tukiwa tumesimama uani, mchana kweupe, watu wakianika nguo. Ilikuwa zamani, katika jela moja ya upande wa Jinja ambayo siitaji. Alikuwa zamu peke yake saa ya kuwafungia wafungwa, hesabu ilimgomea, alihesabu mara tatu na kukosa mmoja, akaogopa kwamba mkubwa wake atakuja kumkuta hivyo. Kijana mmoja alikuwa akigonga mlango akisema tumbo linamuua. Afande alimwambia angoje, daktari anakuja kesho. Kijana aligonga, akagonga, kisha akanyamaza. Hesabu ilipotimia mwishowe, Afande alifurahi. Hilo alilirudia mara mbili, kwamba alifurahi. Asubuhi kijana alikuwa amekufa.

Na asubuhi hiyo hiyo, kabla hata mkubwa hajafika, mama wa kijana alikuja getini kumtembelea, ametoka Budondo na viazi vitamu vimefungwa kwenye jani la mgomba. Afande ndiye aliyekuwa getini. Ulimi ulimkatalia. Alisema, "Mama, kuja kesho," akavipokea viazi kama kwamba kuna wa kuvila. Mama alishukuru akaondoka. Halafu Afande aliona wenzake wanakuja, akaogopa wataona kile kifurushi na kuuliza ni cha nani, akaingia nyuma ya geti akavila vyote kwa kusimama, bado vya moto. Kesho yake alihamishiwa Mbale. Mwili ulipelekwa nyumbani na wengine. Mama alijua mwanawe amekufa. Hakujua kwamba aliomba msaada, wala kwamba alipovitoa viazi vile alikuwa anamlisha aliyemwambia angoje.

"Mimi nasema takwenda. Kila mwaka nasema takwenda," alisema. "Sasa wewe nasema yako, mimi nasema yangu. Siku moja."

Nilitaka kukataa. Nilitazama ule mlango wenye saba, nikakubali.

Tulisafiri Alhamisi. Alivaa shati lake la kaki lisilo na alama yoyote, limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na viatu alivyokuwa aking'arisha kila siku bila kuvivaa. Tulipoteremka Jinja alikaa kwenye ukingo wa saruji akaanza kulishika goti. Akasema limevimba. Akasema labda turudi, tutakuja wiki nyingine, mama mwenyewe huenda hayupo. Uso wake ulikuwa wa majivu, na mimi nilikuwa tayari kumkumbatia kwa furaha, kwa sababu akirudi yeye, nami narudi. Sijui nilipata wapi ule ujasiri.

"Afande, unataka kwenda kweli?"

Akanitazama. Akasema ndiyo. Nikauliza tena, akasema ndiyo. Mara ya tatu alichelewa, boda wawili wakatupita wakituita, ndipo akajibu. Tukapanda.

Nyumba, niliyoitambua kwa jina la mama alilonitajia Afande, ilikuwa ya matofali yasiyopigwa lipu, mwendo wa robo saa kutoka kwetu. Nimepita hapo utoto wangu wote. Mama mzee alikuwa amekaa mkekani akichambua maharage, na Afande alipotamka salamu kwa Kiswahili, yule mama akavuta miguu chini ya gauni na kuanza kuinuka aingie ndani, kama bibi yangu. Nikamwahi kwa Kisoga, nikamwambia mimi ni binti wa fulani wa mawe meupe, huyu ni mgeni wangu, ana neno lako. Akakaa, lakini nusu nusu.

Afande alisimama wima, mikono ubavuni, kama wakati wa kukaguliwa. Akataja jina lake lote, cheo chake cha wakati ule na namba yake ya kazi. Kwa miaka mitano sikuwa nimelijua jina hilo. Nililirudia kama lilivyo, na tangu hapo naliona ni mali ya mama yule, kwa hiyo silitumii mahali pengine.

Akaanza. Hakujua Kisoga, na mama hakujua Kiswahili cha kutosha, basi kila neno lilipaswa kupita kinywani mwangu. Nilianza kwa kusema, huyu anasema kwamba yeye alikuwa zamu. Mama akakunja uso akauliza nani, nani alikuwa zamu? Afande hakuelewa swali, lakini alielewa kilichotokea.

"Hapana sema yeye," aliniambia. "Sema kama mimi nasema."

Basi nikasema nze, yaani mimi. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Mimi nilimsikia akigonga. Mimi nilimwambia angoje kesho. Mama aliacha kumtazama Afande akanitazama mimi, machoni, na hakuondoa macho. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa, maana ulimi ni wangu, lugha ni ya nyumbani kwangu, na maneno yakishatoka hayana sauti ya mtu mwingine. Nilisema mimi nilikuwa getini. Mimi nilijua, nikakwambia uje kesho. Mimi nilivila viazi vyako. Mikono ya mama ilikuwa ndani ya maharage, imetulia.

Kuku walikuja wakala ukingoni mwa mkeka bila kufukuzwa. Nilingoja apige kelele majirani waje. Mwishowe aliuliza kitu kwa sauti ndogo, nami ikabidi nimwombe arudie, si kwa sababu sikusikia.

"Vilikuwa vimeiva?" aliuliza. "Kuni zilikuwa mbichi siku ile. Nilivitoa haraka nisichelewe. Miaka yote najiuliza kama nilimpelekea mtoto viazi vibichi."

Nikamfasiria Afande. Yale mabega ya kukaguliwa yakaanguka.

"Imeiva, mama," alisema. "Imeiva muzuri. Ilikuwa tamu."

Nikamwambia mama kwamba vilikuwa vimeiva vizuri, na vilikuwa vitamu. Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kuchambua maharage, na machozi yakamtiririka bila yeye kuyafuta. Hakutufukuza, hakutusamehe, hakutusindikiza. Tulisimama kidogo, kisha tukaona hakuna kingine tunachodaiwa kusema, tukatoka.

Tulitembea mpaka kwetu. Mawe meupe yalianzia barabarani na kwenda pande mbili za njia hadi mlangoni, na mwishoni kabisa baba alikuwa ameinama na kopo la chokaa, mgongo kwetu. Nilimwambia Afande kwamba afadhali nirudi naye Jinja nimpigie baba simu kutoka huko. Hakunibishia. Alitafuta jiwe kubwa kando ya barabara, akalipangusa, akakaa akielekea nyumba yetu, fimbo katikati ya miguu, vile vile alivyokaa uani akiwa na mtu ndani.

"Mimi iko hapa," alisema. "Siendi fasi ingine. Wewe ita mara moja tu, mimi nakuja."

Niliingia katikati ya mawe. Yalikuwa mengi kuliko nilivyohesabiwa kwa simu, na ya mwisho yalikuwa bado mabichi. Baba alisikia hatua, akageuka, uso ukamng'aa, akauliza kwa nini nimekuja mapema bila kusema. Nilifungua kinywa nikaogopa hakitatoka kitu. Likatoka neno lile lile nililolisema kule kwa mama wa maharage, robo saa kabla, na kwa kuwa lilikuwa limeshapita hapo mara moja, lilijua njia.

"Nze, baba," nikasema. "Mimi ndiye."

Baba aliweka brashi juu ya kopo, akangoja niendelee.